Mkono Haujui Kalenda

"Mshukuruni Mungu roho imebaki. Mkono ukirudi ndani ya miezi sita, sawa. Usiporudi, ndiyo basi." Maneno haya husemwa mlangoni mwa wodi, mgonjwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, ndugu wameshika mifuko, chupa ya chai na bahasha ya vidonge vya presha. Anayeyasema kwa kawaida ni mtu mwema aliyechoka. Wanaoyasikia huyabeba nyumbani pamoja na maelekezo ya dawa: kimoja asubuhi, kimoja jioni, na mwezi wa sita tunafunga hesabu.

Nabishana na maneno hayo. Sibishi kwamba kiharusi ni ugonjwa katili, wala simwahidi mtu kwamba kila aliyepooza upande atarudi kushika jembe na kutoa hotuba harusini. Ninachokataa ni kalenda kufanywa hakimu. Ukomo wa miezi sita, kwa namna unavyotumika kwetu, haukusomwa kwenye ubongo wa mgonjwa yeyote. Umezaliwa na kipimo kisichouliza maswali ya maana, mazoezi haba na uhaba wa wataalamu, kisha ukavishwa joho la sayansi ili usihojiwe.

Sayansi yenyewe tuitendee haki kwanza, maana wanaotetea ukomo huo hawakuuokota njiani. Ni kweli kwamba wiki za mwanzo baada ya kiharusi ubongo hujitengeneza kwa kasi ambayo haionekani tena baadaye. Uvimbe hushuka, sehemu zilizonyamaza kwa mshtuko huamka, na mtu ambaye Jumatatu hakuweza kuinua kidole, Ijumaa anajikuna pua. Anayesubiri miezi mitatu "mgonjwa apate nguvu kwanza" ndipo aanze mazoezi, anatupa wakati ulio bora kuliko wote. Hata pupa nayo ina hasara yake: jaribio liitwalo AVERT, lililochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha wagonjwa 2,104, lilionyesha kwamba kuwanyanyua wagonjwa kitandani mapema mno na mara nyingi, kuanzia ndani ya saa 24 za kwanza, kulipunguza idadi ya waliopata nafuu nzuri. Wakati una uzito wake. Hilo sina ugomvi nalo.

Ugomvi unaanzia kwenye takwimu maarufu ya Copenhagen. Utafiti huo wa Denmark, uliochapishwa mwaka 1995, ulifuatilia wagonjwa wapatao 1,200 na kuona kwamba asilimia 95 yao walifikia kilele cha uwezo wao wa shughuli za kila siku ndani ya wiki 12 na nusu. Ukiisikia hivyo unaona kesi imekwisha. Lakini uliza walipima nini. Walitumia kipimo cha Barthel, ambacho huuliza: anakula mwenyewe? Anavaa mwenyewe? Anakwenda msalani mwenyewe? Hakiulizi kwa mkono upi. Mtu aliyepooza mkono wa kulia, akajifunza kula, kuvaa na kujisafisha kwa wa kushoto, anapata alama zake zote huku wa kulia umelala mapajani. Wala hakiulizi kama anaweza kutaja jina la mkewe. Kilichofika kilele katika wiki ya kumi na mbili ni alama za Barthel. Mkono na ulimi havikuulizwa.

Sasa nenda kamwambie mzee wa Tanga au Lamu kwamba amepona kwa kuwa anakula kwa kushoto. Huyo ndiye anayeanza kuomba chakula chake chumbani, mlango umerudishwa, kwa sababu hawezi kukaa kwenye sinia moja na wenzake. Akinyooshewa mkono wa salamu, anaupokea kwa kushoto na kuinamisha macho. Wenye kipimo wanaandika "anajitegemea". Nyumbani wanajua kwamba tangu augue hajahudhuria hitima hata moja.

Hoja ya pili ni kiasi. Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake walichapisha matokeo ya kazi ambayo ingeweza kufanywa na mtu yeyote mwenye daftari: walikaa pembeni katika vituo vya tiba vya Marekani na Kanada wakahesabu ni mara ngapi mgonjwa anautumia mkono wake uliopooza katika kipindi kimoja cha mazoezi. Pale ambapo mkono ulifanyishwa kazi halisi, kama kushika au kuinua kitu, wastani ulikuwa marudio 32. Wanyama wa maabara ambao ubongo wao ulionekana kujipanga upya walirudia mamia ya mara kwa siku. Randolph Nudo alionyesha mwaka 1996 kwa kima wadogo kwamba waliofundishwa tena kuchomoa chakula kwenye vishimo walilinda eneo la ubongo linalotawala mkono, na walioachwa bila mafunzo walizidi kulipoteza, ingawa jeraha lilikuwa lilelile. Kwa hiyo mkono unaoachwa kupumzika haubaki pale ulipo. Unarudi nyuma.

Edward Taub alikwisha kuliona hilo mapema, naye pia kwa kima. (Maabara yake ya Silver Spring ilivamiwa na polisi mwaka 1981 kwa tuhuma za ukatili dhidi ya wanyama, na jina lake halijaacha kuzua mabishano. Hilo ni gomvi jingine.) Aligundua kwamba mnyama aliyekatwa hisia za mkono mmoja huacha kabisa kuutumia, hata kama misuli bado inaweza. Hujaribu, hushindwa, hujaribu, hushindwa, hatimaye huzoea kwamba mkono ule haupo. Ukimfunga mkono mzima, ule uliosuswa unaanza kufanya kazi. Kutokana na hayo ikazaliwa tiba ya kuufunga mkono mzima wa binadamu kwa glavu nene kwa sehemu kubwa ya mchana, huku uliopooza ukilazimishwa kushika vikombe, kugeuza kurasa na kufungua vifuniko kwa saa nyingi. Jaribio kubwa la tiba hiyo, EXCITE, lilichapishwa mwaka 2006. Wagonjwa walikuwa 222, wote wamepitisha kati ya miezi mitatu na tisa tangu kiharusi. Wiki mbili za shughuli hiyo ziliwapa tofauti ambayo ilikuwa bado inaonekana mwaka mmoja baadaye. Sharti moja lisifichwe: waliopokelewa walikuwa na walau uwezo mdogo wa kuinua kiganja na kunyoosha vidole. Aliyelegea kabisa tiba hii haimhusu.

London, katika kituo cha Queen Square, wamekwenda mbali zaidi ya hapo. Wanampa mgonjwa saa 90 za mazoezi ya mkono katika wiki tatu. Walipochapisha matokeo ya wagonjwa 224 mwaka 2019, nusu yao walikuwa wamepitisha mwaka mmoja na nusu au zaidi tangu waugue. Mikono yao ilipata nafuu, na nafuu hiyo ilikuwapo bado miezi sita baada ya kuondoka. Mpinzani atasema utafiti ule haukuwa na kundi la kulinganisha, na atakuwa amesema kweli. Lakini naye anijibu: kama mlango hufungwa mwezi wa sita, watu hawa wa mwezi wa kumi na nane walipitia wapi?

Tufanye hesabu ya kwetu. Tuseme mgonjwa anakwenda kliniki mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, nauli ya bajaji juu yake. Baada ya miezi mitatu amepata saa 12, na nyingi kati ya hizo zimekwenda kwenye mguu, kwa sababu kila mtu anataka kwanza atembee. Mkono umepata nini? Umekandwa kwa mafuta ya nazi, umekunjwa na kukunjuliwa na mtu mwingine, na umepewa mpira wa kufinya. Huo mpira ndio unaonikera. Shida ya mkono wa namna hii mara nyingi si kufumba, ni kufumbua. Vidole vimejikunja vyenyewe hadi kucha zinachoma kiganja, nasi tunamwambia mwenye mkono huo azidi kufinya. Kisha mwezi wa sita tunamtazama na kutangaza kwamba mwili wake umegoma.

Huku kwenye usemi ndiko hukumu hii inakoumiza zaidi, maana mkono ukifa mtu anabaki mtu machoni pa wenzake, ila ulimi ukinyamaza wanaanza kumtoa kwenye hesabu ya wenye akili. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amebakiwa na silabi moja, "tan". Aliulizwa akaelewa. Alijibu hesabu kwa vidole. Alipokasirika kwa kutoeleweka, tusi zima lilimtoka bila kukwama. Zaidi ya miaka 160 imepita, na bado mtu mwenye afasia, yaani aliyepotewa na usemi kwa jeraha la ubongo, anazungumziwa mbele yake kama hayupo: "Huyu siku hizi haelewi kitu." Wageni wanampigia kelele kama kiziwi. Kiwanja kinauzwa, na anayeombwa idhini ni mdogo wake.

Kuna jambo linalowachanganya watu majumbani, nalo linastahili kuelezwa vizuri. Mzee anaombwa aseme "maji", anahangaika, anatoka jasho, neno halitoki. Usiku anasoma Fatiha kuanzia mwanzo hadi amina bila kukosea. Mwingine anamaliza Baba Yetu, au anahesabu moja hadi ishirini, au anaimba wimbo wa kwaya beti zote. Nyumba nzima inahitimisha kwamba anajifanya, au kwamba kuna jini linalochagua la kusema. Hakuna anayejifanya hapo. Maneno yaliyokaririwa tangu utotoni hayategemei njia ileile inayotumika kutunga sentensi mpya, na kiharusi kinaweza kuvunja moja kikaiacha nyingine. Olof Dalin wa Uswidi aliandika mwaka 1745 habari za mtu aliyepoteza usemi lakini akaweza kuimba tenzi za kanisani. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston walieleza tiba inayotumia mlango huohuo: sentensi fupi yenye manufaa, kama "naomba chai", hupewa lahani, mgonjwa huiimba huku akipigapiga kwa mkono wa kushoto, kisha lahani hupunguzwa kidogo kidogo mpaka sentensi isimame yenyewe. Kuimba peke yake hakutoshi. Kwaya haimfundishi mtu kuomba chai. Lakini anayesikia Fatiha ikitoka kinywani mwa mgonjwa wake anapaswa kufurahi, kwa sababu amepata pa kuanzia.

Na kalenda? Ujerumani walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2017. Watu 158, vituo 19, kila mmoja akiwa na afasia kwa miezi sita au zaidi. Yaani wale ambao kwetu hesabu yao ilishafungwa. Waliopewa tiba ya usemi angalau saa 10 kwa wiki, kwa muda usiopungua wiki tatu, waliongeza uwezo wa kuwasiliana katika mambo ya kila siku. Waliowekwa kusubiri hawakuongeza. Hapa kundi la kulinganisha lilikuwapo, kwa hiyo ile hoja ya awali haitumiki.

Wapo pia ambao usemi wao haurudi kwa kiasi cha kutosha, na hao nao si wafu. Mshairi wa Uswidi Tomas Tranströmer alipata kiharusi mwaka 1990, akapoteza sehemu kubwa ya usemi na nguvu za upande wa kulia. Alipiga piano kwa mkono wa kushoto, akachapisha mashairi mapya, na mwaka 2011 akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Angelikuwa kwetu, sijui kama kuna ambaye angempa kalamu.

Mtaani kwetu yuko fundi cherehani aliyeanguka akiwa anapima suruali ya mteja. Alipooza kulia, na kila kitu kikawa "mkasi": maji mkasi, mtoto mkasi, msikiti mkasi. Mwaka mzima alikaa barazani ameufunga mkono kwa kanga, watu wakimpitia na pole zao. Aliyekataa ni binti yake, baada ya kukaa na mtaalamu wa mazoezi aliyemwambia kwamba kidole gumba bado kinasogea na hicho kinatosha kuanzia. Alileta makopo mawili ya vifungo. "Baba, nipe cheusi." Mzee anakisukuma kifungo kwa upande wa kiganja hadi ukingoni mwa meza, kinaangukia kwenye kopo la pili. "Ni nini hicho, baba?" Mkasi. "Ki..." Binti anasubiri. Hamalizii. Kimya kinakuwa kirefu hadi mimi mpita njia naona aibu, yeye binti haoni. "Kifungo," mzee anasema, na wote wawili wanahamia kifungo kinachofuata kana kwamba hakuna kilichotokea. Vifungo vikawa vijiko, vijiko vikawa vibanio vya nguo, vibanio vikawa kitambaa chenyewe chini ya sindano. Suti hashoni tena. Anapunguza suruali na kubadilisha zipu, mkono wa kulia ukishikilia kitambaa kisikimbie, na bei anataja mwenyewe. Akikosea hukosea kwa faida yake.

Najua nitakavyojibiwa: basi ndugu wafanye, serikali ina mambo mengi. Jibu hilo ni jepesi mno, na limeshajaribiwa. India walifanya jaribio liitwalo ATTEND, lililochapishwa mwaka 2017, wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Ndugu walifundishwa namna ya kumfanyisha mgonjwa mazoezi, kisha wakaenda naye nyumbani. Baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti kati yao na wale waliopata huduma ya kawaida. Wapo wanaoitumia habari hiyo kusema mazoezi ya nyumbani ni bure. Mimi naisoma tofauti: masomo ya saa chache hayamfanyi shangazi kuwa mtaalamu, na ndugu aliyeachwa peke yake hajui ni lini aongeze uzito wa kazi, lini abadilishe, na kwa nini bega linauma. Bega hilo, kwa taarifa yako, mara nyingi limeumizwa na sisi wenyewe tunapomvuta mgonjwa kwa mkono uliopooza ili akae kitandani. Binti wa fundi hakufanya peke yake. Kila baada ya wiki kadhaa alirudi kwa yule mtaalamu akapewa kazi mpya.

Wataalamu wenyewe ndio tatizo ambalo ukomo wa miezi sita umesaidia kulificha. Kiharusi kwetu si ugonjwa wa nadra. Uchunguzi uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kurekebisha hesabu kwa umri, wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Wataalamu wa viungo tunao, ingawa hawatoshi, na wamerundikana mijini. Tiba ya usemi ni hadithi nyingine: Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuifundisha kwa kiwango cha shahada mwaka 2008 tu, na mpaka leo wilaya nyingi za Afrika Mashariki hazina hata mtaalamu mmoja wa fani hiyo. Ni rahisi zaidi kumwambia mtu kwamba ubongo wake umefunga mlango kuliko kumwambia kwamba wilaya yake haina mtu wa kumfungulia. La kwanza linaitwa ushauri wa daktari. La pili lingeulizwa bungeni.

Hoja nzito ya wapinzani wangu ni ya huruma: kumpa mgonjwa tumaini lisilo na msingi ni ukatili. Familia itauza shamba, itahangaika, na mkono hautarudi. Naikubali hofu hiyo, kwa sababu wachuuzi wa tumaini nimewaona: wenye mashine za kutetemesha, wenye vidonge vya "kuzibua mishipa", wenye maji ya moto yanayomwagwa juu ya mkono usiohisi mpaka ngozi inababuka. Lakini hao wanastawi hasa kwa sababu hospitali imeshasema "ndiyo basi". Mtu aliyefungiwa mlango wa mbele haachi kutafuta, anazunguka nyuma. Ukweli kamili ndio unaomlinda. Mkono ambao baada ya miezi kadhaa hauna hata mtikisiko wa kidole una nafasi ndogo ya kurudi kushika sindano, na mwenyewe aambiwe hivyo. Hata hivyo unahitaji kazi: kiganja kisafishwe na kukaushwa, bega lisiume, kiwiko kikunjuke ili shati livalike, kiganja kiweze kukandamiza karatasi wakati wa kushoto unaandika. Mkono wenye mtikisiko ni habari nyingine kabisa, na tarehe aliyougulia mtu haisemi lolote juu ya kundi analoangukia. Anayejua ni aliyeugusa mkono huo na kuupima.

Kwa hiyo ninyi mnaosimama mlangoni mwa wodi, nawaomba mbadilishe maneno. Kwenye kadi ya kuruhusiwa, chini ya dawa za presha, andikeni mkono unaweza nini leo, ulimi unaweza nini leo, kazi moja ya kila siku kwa kila kimoja, na jina la kituo cha kurudi. Na mwezi wa sita wekeni miadi ya kumpima upya.